Ng'ombe Alikuwa Mwekundu

Kitale, 12 Januari 2025

Kwako Mjomba Wabwile,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binti yako Joy na wale watoto anaowafundisha shuleni wanaomkausha sauti. Huku kwetu hatujambo. Mama anakusalimu. Ameshauza mahindi yote isipokuwa ya kula, na sasa analalamika kwamba bei imepanda baada ya yeye kuuza, kama anavyolalamika kila mwaka.

Unajua kwa nini nashika kalamu kama mtu wa zamani. Siku ya Krismasi tulibishana mimi na wewe juu ya viunzi vya programu, ile mifupa ya kujengea mifumo ya kompyuta, hadi ugali ukapoa na mchungaji akaondoka bila kuombea chakula. Mama yako, ambaye kwangu ni Kukhu, hakupaza sauti. Alisema tu: "Nyinyi wawili msipigiane simu tena mpaka niseme. Andikianeni barua. Karatasi haipigi kelele, na mtu akiandika upuzi si anauona mwenyewe?" Basi natii. Barua hii itakuja na lori la maziwa la chama.

Sasa vyama vyetu viwili vya ushirika vimeungana, cha Kitale ninakofanya kazi mimi na cha Bungoma unakofanya wewe. Mifumo ya kompyuta ni miwili na halmashauri itakaa Septemba kuchagua mmoja. Mfumo wako umejengwa juu ya kiunzi kisichomwamini mtu: kila kitu lazima kitangazwe kwenye faili za usanidi. Ukurasa huu unasoma jedwali lile, jedwali lile liko kwenye seva hii, seva hii inaitwa hivi. Kiunzi ninachokipendekeza mimi kinakwenda kwa mazoea. Jedwali likiitwa wakulima, ukurasa wa wakulima unalitafuta wenyewe, na kila faili inakaa pale faili za aina yake hukaa siku zote. Huandiki chochote mpaka uwe na jambo lisilo la kawaida.

Najua pia kwamba mfumo ukizimwa, mwenye mfumo huanza kuulizwa yeye ni wa kazi gani. Sitaki uulizwe hivyo. Ndiyo maana nakuomba tuchague pamoja, kwa amani.

Na jambo la pili. Kipketer wangu anauliza wazee wake waje lini kuzungumzia ndoa yetu. Mama anasema hakuna tarehe bila mjomba. Mjomba ni wewe.

Mpwa wako,
Nangila


Bungoma, 5 Februari 2025

Mpwa wangu Nangila,

Barua yako imefika ikinuka maziwa. Mimi ni mzima wa kutosha. Joy ni mzima zaidi ya kutosha, amenizuia kuendesha baiskeli, ati mji umejaa bodaboda za watu wasio na akili. Kama kwamba zamani walikuwa na akili. Nyanya yako ananiuliza kila Jumapili kama nimekuandikia, na kila Jumapili nimemwambia bado, mpaka leo.

Nimesoma habari ya mazoea yako. Mazoea yana taabu, walisema waliotutangulia, na hawakuwa na kompyuta. Unaniambia programu itakisia jina, itakisia jedwali, itakisia mahali. Binti yangu, mimi nimefanya kazi na watu wanaokisia tangu kabla hujazaliwa na sijawaona wakikisia sawasawa. Faili zangu ni ndefu, sikatai. Lakini hakuna jambo ndani yake ambalo halikusemwa. Mtu akija usiku au mchana atakuta kila kitu kimetajwa kwa jina lake. Zaidi ya hayo faili hizo nazijua. Nikiamshwa usingizini nitakuambia kilicho juu ya nini na kilicho chini ya nini.

Kuhusu huyo Kipketer, tarehe ya nini? Mambo hayo hayapangwi kama mkutano wa halmashauri. Wakati ukifika utajulikana. Wazee wake wakija watafanya yanayofanywa.

Mjomba wako,
Wabwile


Kitale, 20 Februari 2025

Kwa Mjomba mpendwa, mwenye faili ndefu,

Salamu zote za huku ziko pale pale. Mama ana kikohozi cha vumbi, si kikubwa. Kanisani wamenichagua mweka hazina wa vijana ingawa nimewaambia ujana unaniaga.

Mjomba, nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote nimecheka peke yangu. Kazini unataka kila kitu kiandikwe, hata kwamba Jumatatu ni Jumatatu. Nyumbani unataka kila kitu kijulikane bila mtu kufungua mdomo. "Watafanya yanayofanywa." Yanayofanywa na nani? Mzee Kiptanui, baba yake Kipketer, ni mtu wa Kapsokwony. Kwao wana mila zao, kwetu tuna zetu. Ameuliza kwa heshima kabisa: mjomba hupewa ng'ombe gani, humchagua mwenyewe au huchaguliwa, nani husema kwanza? Nimemwambia nitauliza. Naomba ukurasa mmoja tu, Mjomba. Uandike kama unavyoandika usanidi wako.

Na tena njoo Kitale. Kaa mbele ya skrini wewe mwenyewe, ufungue mfumo wangu, uuchokonoe. Ukiona umeoza niambie umeoza. Lakini usiuhukumu ukiwa Bungoma.

Halafu mwandiko wako umenenepa. Herufi ni kubwa kama za bango la mkutano wa injili, na mistari inateremka kama barabara ya Kapsokwony. Ulikuwa unaandika ukiwa umekasirika?

Nangila


Bungoma, 9 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Nimechelewa kwa sababu ya mvua, kazi, na kutotaka. Hapa nyumbani tu salama. Tumepanda. Joy amepanda maharagwe mahali nilipomwambia asipande, na yameota vizuri, jambo ambalo halizungumzwi mezani.

Kitale siji. Mgongo.

Unaniuliza kwa nini nataka kompyuta iandikiwe na watu wasiandikiwe. Ni rahisi. Kompyuta haina aibu. Mtu ana aibu, anatazama wenzake, anajua akae wapi na anyamaze lini. Asiye na aibu mwandikie. Mwenye aibu ukimwandikia umemtukana. Huyo Kiptanui nikimtumia ukurasa wa masharti ataniona karani. Mwache atazame.

Sasa tuje kwenye mfumo wako, ambao halmashauri iliujaribu soko la Chwele wiki jana. Nadhani hawakukuambia yote kwa kukuonea huruma. Mimi sina hiyo huruma. Huko kwenu Kitale mkulima analeta gunia, kwa hiyo kiunzi chako kwa mazoea yake mema kikajua kwamba dunia nzima ni magunia. Chwele watu huleta kwa debe. Mama Sellah alileta debe zake za maharagwe juu ya bodaboda, karani akaingiza hesabu ya debe, mfumo ukaandika magunia. Jioni mfumo ukamtumia hongera kwa simu: mkulima bora wa tawi. Kesho yake alikuja ofisini amevaa nguo ya kanisa, ameshika kuku wa kutushukuru. "Mimi nilijua Mungu ataniona, lakini si kwa maharagwe, bana!" Kabla hatujarekebisha, mchungaji wake alikuwa ameshamtangaza mlezi wa ujenzi wa kanisa. Hadi leo hawajui watamtangazaje upya.

Kuku alirudishwa. Hicho ndicho kilichonisikitisha.

Wabwile


Kitale, 6 Mei 2025

Kwa Mjomba,

Nashukuru kwa salamu na kwa kuku. Huku mahindi yamefika magotini. Mama amepona kikohozi na ameanza kukohoa maneno: mjomba, mjomba, mjomba.

Ya Chwele nakubali yote. Kosa lilikuwa langu na liliniuma, hasa nilipomfikiria Mama Sellah na nguo yake ya kanisa. Mazoea ya Kitale niliyafanya mazoea ya ulimwengu. Nimeongeza faili moja fupi ya usanidi, ambamo kila tawi linasema lile tu ambalo mgeni hawezi kulikisia. Mstari wa kwanza: Chwele, kipimo ni debe. Umeona? Nimeandika. Sikufa.

Lakini na wewe umeninyima habari. Nimesikia mmehamishia seva chumba kipya na ofisi zenu zikasimama, maana anwani ya seva imeandikwa katika kila faili unayoipenda. Levi, yule mwenzako wa ofisini, amenisimulia. Anasema ulikaa kwenye kiti ukiwa umetazama dirishani, ukamwambia aende faili gani, ashuke hadi neno gani, abadilishe nini, bila kuitazama skrini hata mara moja. "Mzee anazijua kama Zaburi," akasema. Ikabaki faili moja aliyoiongeza Levi mwenyewe mwaka jana. Hiyo hukuijua, na hamkuipata hadi kesho yake. Levi ameshangaa sana. Mimi pia nimeshangaa, ila kwa jambo lingine. Kwa nini hukuvuta kiti ukasoma?

Kukhu amechoka kukungoja, ametoa tarehe mwenyewe. Watu wetu watakwenda Kapsokwony mwezi wa Julai kuona ng'ombe wa mahari. Anasema mgongo wako utapona kabla ya hapo.

Nangila


Kitale, 27 Julai 2025

Mjomba,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo.

Barua ya Mei hukuijibu. Nilidhani ni hasira ya seva. Sasa sidhani.

Bibi harusi haendi kuona ng'ombe, kwa hiyo sikuwepo. Lakini Kipketer alinitumia video. Uliingia zizini umemshika Joy mkono. Mamake Kipketer, Mama Chelangat, alikupita akaenda kusimama kando, na wewe ukainua mkono ukamsalimia pale alipokuwa mwanzo. Halafu ukamwendea ng'ombe waliyekutengea. Ukampapasa pembe, ukampapasa mgongo, ukashuka hadi kwenye kiwele, polepole. Ukasema, "Huyu mweusi ni wangu. Nimeridhika."

Mjomba, ng'ombe alikuwa mwekundu.

Hakuna aliyekusahihisha. Watu wetu walinyamaza wakidhani unapiga bei kwa mafumbo. Wazee wa Kapsokwony walinyamaza kwa adabu. Mzee Kiptanui akaona hiyo ndiyo mila yetu, naye akaja akampapasa ng'ombe wake mwenyewe, pembe, mgongo, kiwele, na nyuma yake wazee wote wakapanga foleni kupapasa. Walipokwisha wakakaa kulitafakari lile neno lako. Wakaafikiana kwamba mjomba amemkataa mwekundu kwa upole na anataka mweusi. Sasa wanazunguka masoko wakitafuta ng'ombe mweusi, na Kipketer ameniuliza kwa unyonge kama rangi nyingine yoyote ingekubalika.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Halafu nikaitazama tena na sikucheka.

Herufi kubwa. Baiskeli. Levi na Zaburi. Kitale usikotaka kuja kukaa mbele ya skrini. Tangu lini, Mjomba? Na kwa nini mimi niwe mtu wa kugundua hayo kwenye video?

Sijamwambia mtu. Ningekupigia simu sasa hivi, lakini Kukhu hajasema.

Nangila wako


Bungoma, 20 Agosti 2025

Mpwa wangu Nangila,

Mwandiko huu ni wa Joy. Ameapa kuandika ninayosema tu, bila kuongeza. (Nimeapa. Salamu, dada. — Joy)

Sote tu wazima isipokuwa hayo macho. Ni presha ya macho. Daktari anasema kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kitalindwa kwa dawa. Kilichobaki ni kama kutazama kupitia tundu la ufunguo, na asubuhi tundu lenyewe lina ukungu. Ilianza mwaka juzi. Ulipokuja Krismasi nilikuwa nakutambua kwa kelele.

Uliuliza kwa nini sikuvuta kiti nikasoma. Ningesoma nini? Faili zangu nimeziandika mwenyewe, naziona nikiwa nimefumba macho. Maadamu mfumo ni ule, mimi bado ni Wabwile wa kompyuta na hakuna anayejua. Wako ningelazimika kuusoma. Siku ningeketi mbele yake huko Kitale na vijana wako wamenizunguka, wangeona mzee anayeipapasa skrini. Ndiyo sababu nilikupinga. Si kwa ajili ya ubora wa usanidi, ingawa nilisema hivyo kwa sauti kubwa, na kwa sehemu niliamini.

Niliogopa, Nangila. (Hapa Baba ameomba chai. — Joy)

Kuhusu ng'ombe: alikuwa na mgongo mzuri sana. Mweusi nilikisia. Umeona mambo ya kukisia yanavyoishia.

Usimwambie nyanya yako.

Wabwile


Kitale, 28 Agosti 2025

Mjomba wangu,

Barua yako nimeisomea shambani ili Mama asinione nikilia. Nililia, nikapangusa, nikarudi kazini.

Nimeamua hivi. Halmashauri ikikaa Septemba nitasema Kitale tumejiondoa, mfumo wa Bungoma ubaki. Utaendelea na faili zako kama ulivyozoea, na hakuna atakayekuuliza wewe ni wa kazi gani. Mimi bado kijana, nitajenga mfumo mwingine mahali pengine. Tafadhali usibishe.

Kukhu simwambii. Lakini kuna mtu amewahi kumficha kitu yule mama?

Nangila


Bungoma, 15 Septemba 2025

Mpwa wangu,

Ni Joy tena, kwa kiapo kile kile. Hapa tumevuna maharagwe ya mahali pasipofaa, na ni mengi. Nyanya yako hajambo. Alijua tangu Pasaka. Alikuwa anangoja nione aibu niseme mwenyewe. Nimemuuliza kwa nini basi alituamuru tuandikiane barua. Akasema wakati huo hakujua, alitaka tu kula chakula kikiwa moto.

Barua yako ilinikasirisha. Unijengee kaburi la faili nikae ndani niitwe fundi? Mimi ni mjomba wako, si mgonjwa wako. Nabisha.

Nilipotulia nilimwambia Joy afungue huo mfumo wako na aweke ile programu inayosoma skrini kwa sauti. Inasoma Kiswahili kama mmisionari aliyeshuka jana. Kwanza ikanisomea ukurasa wa wakulima: jina liko wapi, jedwali lake liko wapi, faili yake imekaa wapi. Kisha nikamwambia Joy asinisaidie, nautafuta ukurasa wa maghala mwenyewe. Nikaenda pale unapopaswa kuwa. Ulikuwapo. Nikaenda ukurasa wa maziwa. Ulikuwapo. Sikusoma kitu, sikuuliza mtu. Nilikuwa natembea, Nangila, kama ninavyotembea jikoni kwa nyanya yako, ambapo chumvi haijahama tangu nizaliwe. Kumbe mazoea yako yanamfaa asiyeona kuliko faili zangu, maana faili zangu zikiongezwa na Levi mimi nimepotea. Nililisema hilo kwa mwenyekiti kwa mdomo wangu, pamoja na habari ya macho. Alikohoa sana, kisha akanipa kiti.

Halmashauri imechagua wako. Levi ameulizwa nani atashika ile faili fupi, ya mambo ambayo mgeni hawezi kuyakisia, akasema mzee ndiye anayejua kila tawi na ukaidi wake. Nitasema, Levi ataandika. Tayari nimekuta mengine matatu kama debe za Chwele. Usijisifu sana.

Sasa la Kapsokwony. Wamempata ng'ombe mweusi na wamemleta. Joy anasema ni mweusi kweli. Ana mgongo mbaya. Mwambie Mzee Kiptanui namrudisha kwa heshima zote na namtaka yule wa kwanza. Na kwa kuwa watu wenye aibu wamezunguka masoko miezi miwili kwa ajili yangu, ule ukurasa ulioniomba mwezi wa Februari nimeuandika. Ni mistari michache, mengine watayaona wakifika. Umo ndani ya bahasha hii. Mstari wa kwanza nimeuandika kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana umejaza nusu ya karatasi:

MJOMBA WA BIBI HARUSI HAONI. MWAMBIENI RANGI.

Nyanya yako amesema unaweza kupiga simu.

Wabwile